Kipimo cha Mtu Mmoja

Mimi sipendi kusubiri, na nikisubirishwa sauti yangu inasikika mtaa wa pili, ndiyo maana watu wakaniita Honi. Nimeendesha lori maisha yangu yote ya kazi, na katika maisha hayo yote nilikula nilichopikiwa. Barabarani walinipikia akina mama wa vibandani, nyumbani alinipikia mke wangu. Nikiona sahani nakaa, nikimaliza nanawa. Sikuwahi kujiuliza chakula kinatoka wapi, kama ambavyo abiria hajiulizi gia iko wapi. Kisha mke wangu akafariki, waombolezaji wakaondoka na masufuria yao, na mimi nikabaki nimekaa mezani nautazama mlango wa jikoni kama mteja aliyeagiza zamani.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi yangu. Siku moja nilibandika maharage, nikatoka nje mara moja tu kuamulia ugomvi wa majirani uliohusu bomba la maji. Ugomvi ukanoga. Niliporudi jikoni nilikuta moshi mzito na pazia linawaka. Majirani walewale waliokuwa wanataka kushikana mashati waliungana kuuzima moto, na hadi leo wanapatana, lakini hakuna aliyenishukuru kwa hilo.

Binti yangu alifika jioni ileile. Ni mtoto wangu wa pekee, na hasira amezirithi kwangu, akili kwa mama yake. Alilitazama pazia, akautazama ukuta uliokuwa mweusi mpaka darini, akanitazama mimi.

"Baba, unahamia kwangu."

"Sihami."

"Utakufa humu ndani, halafu mimi nipigiwe simu na majirani. Hilo ndilo unalolitaka?"

Mkwe wangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini kwake ningekuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Ningeomba ruhusa kufungua redio. Ningekohoa kwa adabu. Nyumba yangu nimeijenga kwa jasho langu, tofali kwa tofali, na rangi ya kila chumba aliichagua mke wangu, tena baada ya kunirudisha dukani mara nyingi kuibadilisha. Kuiacha ilikuwa kama kumzika tena. Tulibishana mpaka chai ikapoa, ndipo tukakubaliana hivi: nisiwashe moto nikiwa peke yangu, na kufikia mwisho wa mwaka nimpikie mlo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila msaada wa mtu. Nikiweza, ananiacha nyumbani kwangu. Nikishindwa, nafungasha. Nilikubali kwa mbwembwe, kwani nilidhani kupika ni kazi ya kujifunza wiki moja.

Habari za kikundi nilizipata kwa Pindo, fundi cherehani aliyekuwa akinipanulia suruali tangu tumbo langu lilipoanza kuwa la dereva. Naye ni mgane kama mimi. Aliniambia, pini zikiwa mdomoni, kwamba kuna wagane wanakutana kila Jumamosi nyuma ya zahanati wanajifunza kupika. Nikamcheka sana. Kisha nikamuuliza ni saa ngapi.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha kufulia mashuka ya wagonjwa. Masinki makubwa ya saruji bado yapo, darini kuna kulabu za kamba za kuanikia, na kuta zinanuka sabuni ingawa hamjafuliwa kitu humo kwa miaka. Soketi ilikuwepo moja, na ukiigusa ilikujibu. Kwa hiyo tulipikia mlangoni, kwenye jiko la mkaa, na moshi ulikuwa na tabia ya kuingia wodini kusalimia wagonjwa.

Tulikuwa wanne. Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa mwenyekiti kwa sababu hajui kukaa kwenye kiti kingine. Halafu Pindo, halafu mimi. Wa nne alikuwa Mpishi, aliyetufundisha. Huyu alikuwa amepikia shule ya bweni tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipostaafu shule ilimzawadia sufuria aliyokuwa akipikia. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba Pindo, ambaye Mungu hakumjalia urefu, akiingia kuisugua uliona miguu tu.

Mpishi alitufundisha kama alivyoendesha jiko la shule: kila mtu na kituo chake. Mimi nilipewa vitunguu. Pindo alikoroga. Mwalimu alitia chumvi na kusimamia, yaani alionja na kutoa maoni. Yaliyobaki yote aliyafanya Mpishi mwenyewe. Chakula kilitoka kizuri tu, ila kilitoka cha kulisha kijiji, na kila Jumamosi tulirudi makwetu kila mtu na ndoo yake, tukala kiporo mpaka kikatukinai. Miezi ikakatika. Nikawa bingwa wa vitunguu. Lakini ukituacha peke yetu, mimi na kitunguu changu kilichokatwa vizuri, hakuna kati yetu aliyejua safari inaelekea wapi.

"Mpishi, nifundishe chakula changu mimi," nilimwambia mara nyingi. "Sahani moja. Ya kwangu."

"Taratibu, Honi. Anza na sufuria kubwa, ndogo itakuja yenyewe," alikuwa akinijibu, huku anaangalia mikono yake.

Nilijua ananipiga chenga, na nikaanza kumchukia kidogo.

Kisha Matroni wa zahanati akatuita. Alisema anatupenda, wazee wake, lakini moshi wetu unakohoza watu waliokuja kutibiwa kikohozi. Tutengeneze nyaya za umeme tupikie ndani kwa majiko ya umeme, au mwaka ukiisha turudishe chumba. Tulitazamana. Pensheni zetu zilitosha kununua mkaa, tena tukichanga. Mimi niliona kabisa sanduku langu limefungwa kamba, limewekwa mlangoni.

Aliyetuokoa ni Mwalimu, maana yeye hupita akisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwenye ubao wa matangazo aliona kwamba halmashauri inatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya jamii visivyolenga faida.

"Hao ndio sisi," alisema.

"Sisi hata tukiilenga tunaikosa," akasema Pindo.

Tukaamua kuomba fundi wa umeme, majiko madogo manne ya umeme na sufuria ndogo nne, ili kila mtu asimame kwenye jiko lake. Habari zikavuja. Mtaa mzima ukasikia kwamba wazee wagane wanaiomba halmashauri jiko, na unajua watu wakisikia mwanamume anatafuta jiko wanafikiria nini. Kinyozi wangu aliniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama sifa za bibi harusi tumeshazijaza au halmashauri itatuchagulia. Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja, kwa hasira, ikabidi nirudi.

Ombi aliandika Mwalimu. Aliandika kwamba lengo letu ni kuinua ustawi wa raia wa jinsia ya kiume walioathiriwa na mabadiliko ya kifamilia. Nikamwambia aandike kwamba hatujui kupika na tuna njaa. Akavua miwani.

"Bwana Honi, mtu mzima haombi huku amefungua mdomo."

Majibu yalikuja: afisa wa maendeleo ya jamii angetutembelea Jumamosi moja, aone kazi yetu, kisha apeleke taarifa kwenye kamati. Hapo ndipo tulipoharibu, na tuliharibu kwa nia njema kabisa. Anakuja mgeni. Mgeni anakula. Sasa atakula nini?

"Mgeni wa serikali halishwi majaribio," alisema Mwalimu.

Sote tukatikisa vichwa kukubali. Ni aibu, mgeni atoke ofisini kwake aje apewe wali ulioshika chini na mchuzi uliokorogwa na fundi cherehani. Hakuna hata mmoja kati yetu, watu wazima wenye wajukuu, aliyekumbuka kwamba majaribio ndiyo aliyokuwa anakuja kuyaona. Swali likawa ni nani atapika. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye binti anayeishi karibu.

Nilikwenda kwake kwa miguu mizito. Nilimkuta anakunja nguo, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka shati la mumewe juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Yaani baba, miezi yote hii unaniambia unajifunza kupika, halafu unakuja kwangu kuomba chakula cha kumwonyesha mtu kwamba unajifunza kupika?"

"Ni mgeni, mwanangu."

"Nimekusikia. Nitapika." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Chumba chako kiko tayari. Nimeweka kitanda kile unachokipenda."

Nikaaga. Sina la kujitetea, nilijisikia mdogo kama punje.

Jumamosi ile alikuja mapema na vikapu vyake. Kulikuwa na kuku aliyeungwa vizuri, wali mweupe wa kuchambuka, mboga, na mchuzi uliokuwa unanukia mpaka wagonjwa wakatoka nje kuuliza. Tulivipanga mezani juu ya kitambaa. Sufuria kubwa tukaificha nyuma ya masinki na kuifunika shuka. Binti yangu alikataa kuondoka, kwa sababu kila akimwazima mtu vyombo havirudi vyote, akasema, basi atavisubiri. Akakaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha, akionekana kilemba tu.

Afisa alikuwa binti wa umri wa mwanangu, mwenye viatu vya vumbi na jalada chini ya kwapa, mpole wa sauti.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu. Karibu sana, karibu mezani," tukaitikia kwa pamoja kama kwaya.

Alikula. Nasema alikula, hakuonja. Mwalimu alimwongezea, Pindo akamnawisha, Mpishi alisimama kando amefunga mikono kama mpishi mkuu wa hoteli. Alipomaliza alifuta vidole, akatabasamu, akafungua jalada lake.

"Wazee, sijala chakula kitamu hivi tangu niajiriwe. Sasa niwaambie ukweli. Fedha ni chache na vikundi ni vingi. Kuna vijana viziwi wanajifunza useremala, hawana hata benchi. Nyie mmeshafika. Nitaandika kwamba kikundi kimefanikiwa na kwa sasa hakihitaji msaada. Hongereni sana."

Akasimama, akatupa mkono mmoja mmoja. Tulizipokea pongezi zile kama watu wanaopokea rambirambi. Mwalimu aliendelea kutabasamu, maana yeye ni mtu wa kufa na tai shingoni. Pindo aliangalia viatu vyake. Mimi niliona kitanda kile ninachokipenda, kimetandikwa kwenye nyumba isiyo yangu, na redio nisiyothubutu kuigusa. Afisa alikuwa ameshafika mlangoni. Nikapiga honi.

"Chakula hiki si chetu!"

Wodini mtu aliacha kukohoa. Mwalimu alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshaondoka, sina breki.

"Ni cha binti yangu. Yuko hapo nje anasubiri vyombo vyake. Sisi hatujui kupika. Mimi najua kukata vitunguu, basi. Ukituacha hivi, mwaka ukiisha chumba kinachukuliwa na mimi nahamishwa nyumbani kwangu."

Afisa alitazama dirishani. Kilemba hakikutikisika.

"Kwa hiyo mmenidanganya," alisema.

"Hapana, mwanangu," alijibu Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya unyonge ambao sikuwahi kuusikia. "Tumekukaribisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na masinki. Kisha afisa akarudi, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, nimeshakaribia. Sasa naomba mpike."

Tukaitoa sufuria kubwa. Pindo akawasha mkaa, mimi nikakata vitunguu, Mwalimu akasimama na chumvi yake. Afisa alinisogelea.

"Ukimaliza vitunguu unafanya nini, mzee?"

"Namwachia Pindo."

"Na siku Pindo hayupo?"

"Hatuli."

Alimwuliza Pindo, akajibiwa kwamba yeye akishakoroga humwachia Mwalimu. Alimwuliza Mwalimu, akapewa hotuba fupi juu ya umuhimu wa usimamizi. Mwisho akamgeukia Mpishi, ambaye alikuwa anamimina mchele kwa bakuli kubwa, haraka haraka, bila kuangalia, jinsi mkono ulivyozoea.

"Mzee, mbona usiwafundishe kila mtu apike chakula chake mwenyewe?"

Mpishi aliliweka bakuli chini. Nilijua atasema taratibu, sufuria ndogo itakuja yenyewe.

"Mimi mwenyewe sijui," alisema.

Tukaacha kufanya tulichokuwa tunafanya.

"Nimelisha watoto wa watu maisha yangu yote. Nyumbani alikuwa anapika mke wangu. Alikuwa ananiambia, wewe umeshapika vya kutosha, kaa. Aliponiacha niliingia jikoni nikapika. Nikatazama, nimepika chakula cha mtaa. Nikawaita majirani, wakala, wakafurahi. Kesho yake nikasema leo napunguza. Nikapunguza, na bado kikawa cha mtaa. Siku iliyofuata nikaona haya kuwaita tena, nikakaa na sufuria nzima mimi na yeye, yaani mimi na kiti chake. Tangu hapo nyumbani sipiki. Naijua shule nzima inakula kiasi gani. Mtu mmoja, mikono yangu haimjui." Akaipangusa kwenye aproni. "Niliwaita hawa ndugu zangu nikijua wataniuliza hilo, na kila wakiniuliza nawazungusha."

Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimemchukia mtu kwa kuninyima kitu ambacho hakuwa nacho. Nikamsogezea kiti, naye akakaa.

Afisa alilifungua tena jalada, akatoa ombi letu. "Raia wa jinsia ya kiume walioathiriwa na mabadiliko ya kifamilia," akasoma. "Mwalimu wangu, hili nimelisoma na kulirudia. Nilidhani mnaomba jezi za mpira."

Pindo alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Mwalimu alijikuta anacheka, akavua miwani kuipangusa.

"Andikeni upya, hapahapa," alisema afisa. "Kama mzee alivyosema. Na msitie chumvi."

Mwalimu aliandika akiwa amepakata ubao wa kukatia mboga, Mpishi akimsomea kutoka kichwani, mimi nikimzuia kila alipotaka kupamba. Lilitoka ombi fupi. Lilisema kuna wanaume hapa walioachwa na wake zao kwa kifo, wanaotaka kujua mtu mmoja anapika kiasi gani. Afisa alilikunja, akala vijiko kadhaa vya chakula chetu cha kweli, wali ukiwa umeshika chini kama kawaida yake, akasema sasa anaelewa.

Binti yangu alikusanya vyombo vyake, akavihesabu, akakuta vyote vipo. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mwisho wa mwaka ni uleule, baba," alisema.

"Najua," nikamjibu.

Kamati ilitupa pungufu ya tulichoomba, maana wale vijana viziwi nao walipata mabenchi yao, na hakuna aliyelalamika, hata mimi. Fundi wa umeme alikuja akang'oa nyaya zilizotafunwa na panya. Tukapata majiko mawili badala ya manne, na sufuria ndogo kila mtu ya kwake. Wawili wanapika, wawili wanakaa wanawacheka, kisha wanabadilishana. Matroni hupita siku hizi akivuta hewa kwa pua, akitafuta moshi wa kulalamikia, akikosa anaomba kuonja.

Na Mpishi akawa mwanafunzi pamoja nasi. Tulikitafuta kile kipimo kama watu waliopoteza ufunguo. Kikombe kikawa kingi. Tukapunguza, tukabaki na njaa. Tukaongeza kidogo, maji yakazidi, tukala uji wa wali. Nilijifunza kwamba kitunguu kina safari yake, kwanza kinakuwa laini, kisha kinapata rangi, na ukizubaa hapo kinakusaliti. Nilijifunza kutosikiliza ugomvi wa mtu nikiwa nimebandika kitu. Jumamosi moja Mpishi alipika, akala, na chakula kikaisha wakati uleule yeye aliposhiba. Aliinamisha sufuria akaichungulia. Aliiosha mwenyewe, akaitundika kwenye kulabu darini, na siku nzima alikuwa akipiga mluzi. Tulimwacha na furaha yake, ila Pindo alinifinya mkono chini ya meza mpaka ukauma.

Mwaka ukaisha. Binti yangu alikuja kama tulivyokubaliana, tena na gari la mumewe, lile la kubebea mizigo. Alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, mkoba begani, uso wa kazi. Wenzangu walijifanya wana shughuli mbali na mimi. Niliogopa kuliko siku niliyochukua leseni.

Nilipika wali na maharage, na mchicha kidogo. Sikumwita mtu. Kitunguu kilipopata rangi nilikiona mwenyewe. Nilitia chumvi mwenyewe, na Mwalimu, nampa heshima yake, aliuma midomo akanyamaza. Nilipakua yote kwenye sahani moja, nikamwekea mbele yake, nikakaa.

Akaanza kula. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake, maana uso ule ni wa mama yake, na mama yake pia alikuwa haniambii kitu mpaka amalize. Alikula mpaka punje ya mwisho, akakusanya mchuzi kwa kijiko.

"Kuna kingine?" aliuliza.

"Kimeisha."

Hakuniamini. Alikwenda mwenyewe kwenye jiko, akafunua sufuria, akaona chini yake. Alikaa nayo mkononi muda, amenipa mgongo.

"Kwa hiyo hiki kilikuwa chako," alisema. "Na wewe umekula nini, baba?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimepika kipimo nilichojifunza, nikampa chote.

Aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, vyote kwa mpigo, na mimi nikashindwa kujizuia, nikafuta macho kwa kitambaa cha jikoni ambacho kilinuka vitunguu, mambo yakazidi kuharibika.

"Jumapili nakuja kula," alisema. "Mume wangu anasafiri. Nitakuja peke yangu, kwa hiyo upike cha watu wawili."

"Unakuja wapi?" nilimwuliza, kwa sababu nilitaka kulisikia kutoka mdomoni mwake.

"Nyumbani kwako, baba. Una kwako kwingine?"

Alichukua mkoba wake, akawaaga wazee wote kwa adabu, akaondoka na lile gari likiwa tupu. Mimi nilisubiri mpaka nisisikie tena mlio wake, nikamgeukia Mpishi, nikamwuliza watu wawili wanakula kiasi gani. Akashika kichwa.